Wasifu wa Maneno Mia

Wameomba wasifu, maneno mia, nafsi ya tatu,
kabla ya Ijumaa, kwa ajili ya karatasi ya programu.
Nimeandika:
Batuli Mselem ni mtunzi wa muziki. Alizaliwa Mombasa.
Nane hayo. Nimehesabu kwa vidole
kama nihesabuvyo mapigo.

Hayaingii humo ya Kuze, chumba cha juu,
wala babangu, fundi wa piano
katika mji wenye piano sita,
tano zimeshika kutu. Chumvi haina adabu,
alikuwa akisema, haibishi hodi.
Akigonga uma wa chuma gotini, aniite:
"Batuli, ndoo. Uzi huu wataka nini?"
"Wataka kushuka."
"Kiasi gani?"
"Kidogo kuliko kidogo."
Akacheka, akaushusha.
Nilikuwa na miaka saba.
Sijaandika kingine tangu siku hiyo.

Alisomea ng'ambo.
Huko profesa mwenye skafu ya sufu
alikipa kidogo kuliko kidogo jina refu la Kigiriki,
akakipigia mstari mwekundu,
akanipa hamsini na tano kwa mia.

Kwa miaka kumi na miwili, karani wa kutoa mizigo, Kilindini.
Hilo nimelifuta. Programu haitaki kujua
kwamba kazi yangu ya kwanza ya nyuzi,
Wanne Wasiosalimiana,
iliandikwa nyuma ya fomu za forodha
kati ya meli na meli,
na kwamba ukurasa wa kumi na nne
ulipigwa muhuri, ukabanwa pini, ukaenda Kampala
pamoja na kontena la vigae.
Sikuweza kuukumbuka. Nikaandika pahala pake:
kimya, mapigo ishirini na mawili.
Mhakiki mmoja wa huko kwenye theluji
alikisifu sana kimya hicho.
Kina kina cha bahari, aliandika.
Mimi najua ni vigae.

Kazi zake zimepigwa katika miji tisa.
Katika mji huu, mara moja:
ukumbi wa shule, Tudor, viti arubaini,
watu saba, mmoja wao mlinzi
aliyekuja kuzima feni kwa kuwa nilimwomba
(feni ile ilikuwa nusu sauti juu yetu)
akabaki kusikiliza, anatiririka jasho.
Shangazi Mwanatumu akaniinamia sikioni:
"Hauna maneno?"
"Hauna, shangazi."
"Basi twajuaje umekwisha?"
Nimepokea tuzo mbili na ruzuku.
Swali kama hilo sijaulizwa tena.

Babangu alikuwa keshakuwa kiziwi.
Alikaa chini, karibu na selo hata mpigaji akaona haya,
viatu kavivua kama aingiaye msikitini,
kiganja kakilaza kwenye mbao za sakafu.
Walipomaliza, hakuna aliyepiga makofi;
shangazi alisema kweli, hawakujua.
Yeye akaniita kwa sauti ya viziwi,
ukumbi mzima ukasikia:
"Ule wa kati, ulishuka?"
Nikamwonyesha kwa kidole gumba na cha shahada,
mwanya wa punje ya mtama.
Akautazama. Akanyoosha mkono,
akavibana vidole vyangu
kidogo zaidi.

Anaishi Mombasa.
Mia na tatu. Yamezidi matatu.
Nikafuta mtunzi wa muziki, nione.
Ikabaki: Batuli Mselem ni.
Nikaiacha hivyo mpaka kahawa ikapoa.
Kisha nikayarudisha,
nikafuta mshindi wa tuzo.